Kisukari na Kiribatumbo: Hatari Hurithiwa, Ugonjwa Huweza Kuzuilika

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Katika kliniki za kisukari, mgonjwa mpya huulizwa mapema swali hili: je, katika ukoo wenu yupo mwenye ugonjwa huu? Wapo wanaojibu kwamba sukari ni ya ukoo wao, mama alikuwa nayo na mjomba alikufa nayo, hivyo hakuna la kufanya isipokuwa kusubiri zamu. Wapo pia ambao hawajawahi kufika kliniki hata mara moja kwa sababu wanaamini kwao hakuna kisukari, hivyo hawana haja ya kupima. Makundi haya mawili yanaegemea imani moja, kwamba ugonjwa huu huamuliwa na damu ya ukoo pekee.

Utafiti uliofanyika hapa nchini kuanzia miaka ya 1980, sehemu yake muhimu ikiwa katika Jiji la Dar es Salaam, unaonyesha kuwa imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaficha jambo kubwa zaidi. Makala haya yanaeleza vinasaba vina mchango gani katika uzito uliozidi na kisukari, mazingira yana mchango gani, na mwananchi afanye nini anapojua historia ya ukoo wake.

Maana ya kisukari na kiribatumbo

Kisukari ni hali ya sukari kuzidi katika damu kwa muda mrefu. Chanzo chake ni mwili kushindwa kutengeneza insulini ya kutosha, au kushindwa kuitumia ipasavyo. Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuwezesha sukari itokanayo na chakula kuingia katika seli na kutumika kama nishati.

Kisukari aina ya kwanza hutokea pale mfumo wa kinga unapoharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Huonekana zaidi kwa watoto na vijana, na mgonjwa huhitaji sindano za insulini kila siku. Kisukari aina ya pili, ambacho ndicho chenye wagonjwa wengi zaidi, hujengeka polepole kwa miaka, na mara nyingi huambatana na uzito uliozidi. Kipo pia kisukari cha ujauzito, ambacho humwongezea mama uwezekano wa kupata aina ya pili baadaye.

Kiribatumbo ni jina linalotumiwa na wataalamu wa lishe nchini kwa unene uliokithiri. Hupimwa kwa kugawanya uzito wa mtu kwa kilo na kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Jibu likiwa kati ya 25 na 29.9, mtu huyo ana uzito uliozidi. Likifika 30 au zaidi, ana kiribatumbo. Kwa mfano, mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.60 huingia katika kundi la uzito uliozidi anapofikisha kilo 64, na katika kiribatumbo anapofikisha kilo 77.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha kuwa jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa viashiria hatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa mwaka 2012 na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ulibaini kuwa asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya nazo zilionyesha kuwa wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo waliongezeka kutoka asilimia 22 mwaka 2010 hadi asilimia 28 mwaka 2015-16.

Vinasaba vinafanya kazi gani

Kila seli ya mwili imebeba maelekezo ya urithi kutoka kwa baba na mama. Sehemu ya maelekezo hayo inayoongoza utengenezaji wa protini huitwa jeni, na binadamu ana jeni za namna hiyo takriban 20,000. Mtu mmoja na mwenzake hutofautiana kidogo katika maelekezo hayo, na baadhi ya tofauti hizo hugusa hamu ya kula, namna mwili unavyotunza mafuta, au uwezo wa kongosho kutoa insulini.

Mara chache sana, hitilafu ya jeni moja pekee hutosha kuleta kiribatumbo. Mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman huko New York iligundua homoni ya leptini, ambayo hutolewa na mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja ambao miili yao haikuweza kutengeneza homoni hiyo. Watoto hao walikuwa na njaa isiyoisha na walinenepa kupita kiasi tangu utotoni. Walipopewa leptini kwa sindano, hamu yao ya kula ilitulia na uzito ukapungua. Tukio hilo lilithibitisha kuwa unene si lazima utokane na ulafi wala uvivu, na kwamba kumdhihaki mtu mnene ni kosa la kiungwana na la kitaalamu pia.

Kwa watu walio wengi, hata hivyo, hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Zipo mamia ya tofauti ndogondogo, kila moja ikisogeza hatari kidogo. Inayojulikana zaidi katika unene ni ile iliyo kwenye jeni iitwayo FTO, iliyotangazwa mwaka 2007. Katika utafiti uliohusisha Wazungu, watu waliorithi tofauti hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa na uzito wa ziada wa wastani wa kilo 3 ukilinganisha na wasioirithi kabisa. Kwa upande wa kisukari aina ya pili, yenye nguvu kubwa miongoni mwa tofauti zilizoenea ni ile ya jeni TCF7L2, iliyobainiwa mwaka 2006 na watafiti wa Iceland. Hii hupunguza uwezo wa kongosho kutoa insulini inapohitajika.

Msomaji aweke akilini kilo hizo 3. Ndiyo nguvu ya tofauti ya urithi iliyo mashuhuri kuliko zote katika suala la unene, na utafiti uliofanyika Dar es Salaam una kipimo cha kuilinganisha nayo.

Ushahidi kutoka Dar es Salaam, Morogoro na Kilimanjaro

Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya kupima zaidi ya watu 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania. Kisukari kilipatikana kwa chini ya asilimia 1 ya waliopimwa. Miaka miwili baadaye, Kaushik Ramaiya na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa jamii ya Wahindu waishio Dar es Salaam, ambako kiwango kilikaribia asilimia 10. Kwa haraka mtu angeweza kuhitimisha kwamba tofauti hiyo ni ya asili za watu. Lakini makundi hayo yalitofautiana pia katika makazi, kazi na chakula, na kundi moja lilikuwa la mjini wakati jingine lilikuwa la vijijini.

Utafiti uliofuata ulilinganisha Waafrika wa mjini na wa kijijini. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2000, yalihusu wakazi wa Ilala jijini Dar es Salaam na wakazi wa kijiji cha Shari wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Ilala, kisukari kilikuwa asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake. Shari, kilikuwa asilimia 1.7 kwa wanaume na 1.1 kwa wanawake. Watafiti walihusisha sehemu kubwa ya pengo hilo na unene na upungufu wa kazi za kutumia nguvu.

Bado swali lilibaki: je, huenda wanaohamia mjini ni watu tofauti na wanaobaki kijijini? Jibu lilipatikana kwa kuwafuatilia watu walewale kabla na baada ya kuhama. Watafiti waliwapima watu 209 kutoka vijiji vya Morogoro waliokuwa wakijiandaa kuhamia Dar es Salaam, kisha wakawapima tena katika mwaka wao wa kwanza mjini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa ndani ya miezi 12 uzito uliongezeka kwa wastani wa kilo 2.3 kwa wanaume na zaidi kidogo ya hapo kwa wanawake. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi za nguvu nyingi walipungua kutoka asilimia 79 hadi asilimia 27. Wanawake walipungua kutoka asilimia 38 hadi asilimia 16.

Watu hao walihama na nguo zao na vinasaba vyao, na vinasaba havikubadilika njiani. Hata hivyo, mwaka mmoja wa maisha ya mjini uliwaongezea uzito unaokaribia kilo 3 zinazohusishwa na FTO. Tafiti hizo mbili zilihusu jamii tofauti na hazilinganishwi kwa usahihi wa mizani, lakini funzo lake ni wazi: namna tunavyoishi ina uzito usio mdogo kuliko ule wa urithi mmoja mashuhuri.

Urithi na mazingira hukutana wapi

Haifai kuhitimisha kwamba vinasaba havina maana. Katika mtaa mmoja wa Mbagala au Bunju, majirani wawili wanaweza kula chakula kinachofanana na kufanya kazi zinazofanana, mmoja akanenepa na kupata kisukari na mwingine asipate. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na urithi. Mtoto wa mzazi mwenye kisukari aina ya pili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukipata kuliko asiye na mzazi mgonjwa, na uwezekano huo huongezeka wazazi wote wawili wanapokuwa nacho.

Njia rahisi ya kuelewa ni kufikiria mbegu na shamba. Urithi ni mbegu, mazingira ni shamba na mvua. Kijijini, ambako mtu hulima, huchota maji na kutembea kwenda sokoni, mbegu ya kisukari inaweza kukaa ardhini maisha yote bila kuota. Mjini, ambako mkazi wa pembezoni mwa Temeke au Kinondoni hutoka alfajiri, hukaa saa nyingi ndani ya daladala, hufanya kazi ya kukaa na kurejea usiku, mbegu ileile hupata mvua. Chipsi mayai, maandazi, soda na juisi zenye sukari hupatikana kila kona kwa bei nafuu, ilhali nafasi za kutembea na kucheza ni chache.

Mazingira hayo huanza hata kabla ya mtoto kuzaliwa. Mwaka 1992 wanasayansi wa Uingereza, Nicholas Hales na David Barker, walitoa nadharia kwamba mtoto anayekosa lishe ya kutosha tumboni huzaliwa na mwili uliojiandaa kwa uhaba, na anapokulia katika wingi wa chakula hupata kisukari kwa urahisi zaidi. Aidha, sukari ya mama ikiwa juu wakati wa ujauzito, mtoto naye huongezewa hatari ya unene na kisukari baadaye. Kwa hiyo baadhi ya yale yanayoitwa ya ukoo hayapitii katika jeni, bali katika afya ya mama na katika jiko la familia: ndugu hurithi damu, na hurithi pia sufuria.

Wembamba nao si kinga kamili. Utafiti uliofanyika Mwanza ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wengi tatizo kuu lilikuwa kongosho kutotoa insulini ya kutosha. Mtu mwembamba mwenye dalili, au mwenye ndugu wa karibu anayeugua, anapaswa kupima kama mwingine yeyote.

Kwa nini vinasaba vya Waafrika vinahitaji kuchunguzwa

Tafiti nyingi za vinasaba vya kisukari zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na matokeo yake hayahamishiki yote kwa Waafrika. Mwaka 2019 utafiti uliohusisha watu zaidi ya 5,000 kutoka Nigeria, Ghana na Kenya ulibaini tofauti katika jeni iitwayo ZRANB3 inayohusiana na kisukari aina ya pili, ambayo haikuwa imebainiwa katika tafiti za Wazungu. Mwaka huohuo, uchunguzi wa vinasaba vya Waganda wapatao 6,400 ulionyesha kuwa tofauti ya kurithi ya chembe nyekundu za damu, iliyoenea katika maeneo yenye malaria, hugusa majibu ya kipimo kiitwacho HbA1c.

Jambo hili linamhusu mwananchi wa kawaida. HbA1c hutumika kukadiria wastani wa sukari kwa takriban miezi 3 kwa kuangalia sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu. Kwa mtu mwenye vinasaba vya selimundu, hata kama haugui, au mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kipimo hicho kinaweza kuonyesha sukari kuwa chini kuliko ilivyo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye vinasaba vya selimundu. Kwa hiyo anayejua kuwa yeye au ndugu zake wana hali hizo amwambie mtoa huduma, ili kipimo cha sukari ya moja kwa moja katika damu kitumike pia.

Lipo pia kundi dogo la wagonjwa ambao kisukari chao hutokana na jeni moja. Mtoto anayegundulika na kisukari kabla ya kutimiza miezi 6 ni mfano wake. Tangu mwaka 2006 imefahamika kuwa baadhi ya watoto hao, baada ya kipimo cha vinasaba, wanaweza kuacha sindano na kutumia vidonge kwa usimamizi wa daktari bingwa. Mzazi asifanye mabadiliko hayo kwa uamuzi wake mwenyewe. Kusitisha insulini bila ushauri wa daktari huweza kusababisha kifo ndani ya muda mfupi.

Hatari ya urithi inaweza kupunguzwa

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulihusisha watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, zaidi ya waliopewa dawa ya metformini, ambao walipunguza hatari kwa asilimia 31. Washiriki hao walipochunguzwa vinasaba, ilionekana kuwa hata waliorithi tofauti ya hatari ya TCF7L2 walinufaika na mabadiliko hayo ya maisha. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2011, uliojumuisha watu zaidi ya 218,000, ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza kwa takriban robo athari ya FTO katika kuleta kiribatumbo.

Kwa sababu hiyo, historia ya ukoo ichukuliwe kama tangazo la mapema. Mwananchi anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Ulizia historia ya ukoo. Fahamu kama wazazi, ndugu wa tumbo moja, babu na bibi wa pande zote mbili, shangazi, wajomba, baba wadogo au mama wadogo wana kisukari, na walianza wakiwa na umri gani. Mpe mtoa huduma taarifa hizo.

2. Pima mapema. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi kwa kipimo cha milimoli kwa lita huashiria kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Asiye na dalili hurudia kipimo ili kuthibitisha. Dalili za kutosubiri ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito bila sababu, uchovu, kuona ukungu na vidonda visivyopona.

3. Pima kiuno. Hatari huongezeka kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanaume na sentimita 80 kwa mwanamke asiye mjamzito.

4. Badilisha mlo wa familia nzima. Punguza wanga kwenye sahani, sukari kwenye chai, soda na vyakula vya kukaanga. Ongeza mchicha, matembele, kisamvu, kunde, maharage na matunda. Dona ni bora kuliko sembe. Chakula cha mgonjwa wa kisukari ni chakula bora kwa kila mmoja nyumbani, hivyo hakuna sababu ya kumpikia peke yake.

5. Fanya mazoezi. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku 5 kwa wiki, hutimiza dakika 150. Kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, au kujiunga na kikundi cha kukimbia cha mtaani, kunatosha kuanza.

6. Mjamzito ahudhurie kliniki mapema na kueleza kama kuna kisukari katika ukoo wake.

7. Usinunue dawa ya kuondoa sukari ya ukoo kutoka kwa yeyote. Hakuna dawa ya asili wala ya hospitali inayobadili urithi wa kisukari aina ya pili. Vilevile, mtu wa kawaida hahitaji kulipia kipimo cha vinasaba ili kujua hatari yake. Historia ya ukoo, uzito, kiuno na kipimo cha sukari vinatosha kuchukua hatua.

Huduma za vipimo na ushauri hupatikana katika vituo vya afya na hospitali za umma. Kwa Dar es Salaam, wagonjwa wanaohitaji huduma zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali za rufaa za mkoa za Temeke, Mwananyamala na Amana, na kutoka hapo Hospitali ya Taifa Muhimbili. Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza mwezi Novemba 2019, na kila mwaka tarehe 14 Novemba nchi huungana na dunia kuadhimisha Siku ya Kisukari Duniani. Hata hivyo, hakuna haja ya kusubiri maadhimisho ili kupima.

Hakuna achaguaye wazazi, na hakuna wa kulaumiwa kwa vinasaba alivyozaliwa navyo. Lakini mwenye mzazi mgonjwa ana jambo ambalo mzazi wake huenda hakuwa nalo: taarifa mapema. Anayeitumia taarifa hiyo kupima na kubadili mwenendo akiwa na miaka 30 anaweza kujiepusha na ugonjwa ambao mzazi wake aligundulika nao akiwa na miaka 50, pengine tayari macho au miguu ikiwa imeathirika. Wananchi wanahimizwa kuzungumza na wazee wao kuhusu afya ya ukoo, na kufika kituo cha afya kilicho karibu kupima sukari.